Nyota za darini hazina kosa, ogopeni saa ya babu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba kila kitu king'aacho gizani kina mionzi, na kwamba wazazi wabandue zile nyota za plastiki walizowabandikia watoto darini kabla hazijawaletea saratani. Barua yake ilisomwa kwa sauti kibarazani kwetu hapa Kariakoo. Kabla ya magharibi, jirani yangu muuza vyombo alikuwa ameshapiga simu nyumbani kwake Mbagala kuagiza nyota za mjukuu zitupwe. Mtoto alilia, nyota zikaenda jalalani vilevile.

Mimi ni fundi saa. Vitu ving'aavyo gizani vimo katika riziki yangu tangu ujana, kwenye meza hii niliyoachiwa na marehemu mjomba, na sina ugomvi na mtu anayeogopa. Ugomvi wangu ni kwamba hofu imepelekwa kusikostahili, na panapostahili watu wanapachokonoa kwa kisu.

Mwanga wa bure haupo. Taa ya sebuleni inalipiwa kwa luku, kibatari kinalipiwa kwa mafuta ya taa. Ukikuta kitu kinang'aa na huoni waya wala moto, ujue nacho kina mtu wa kukilipia, ila amejificha. Mtafute huyo kwanza. Ukishamjua ndipo utajua kama ucheke au ukimbie.

Nyota za mtoto zinalipiwa na taa ya chumbani. Mwanga ukizipiga, unazipandisha elektroni zilizomo katika unga uliochanganywa na plastiki. Nyingine zinateremka palepale, nyingine zinanasa njiani, kwenye vishimo ambavyo mtengenezaji aliviweka makusudi kwa kutia chembe za madini mengine. Joto la kawaida la chumba linazinasua kidogo kidogo, na zinaporudi chini zinatoa nuru. Ni ndoo yenye tundu dogo, unaijaza kwa dakika chache, halafu inavuja taratibu. Unga wa zamani ulikuwa salfaidi ya zinki iliyotiwa shaba kiduchu, na ndoo hiyo ilikauka upesi, pengine kabla mtoto hajasinzia. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ikapata unga bora, aluminati ya strontiamu iliyotiwa europiamu na disprosiamu, ambao jicho lililozoea giza linauona hata baada ya saa kumi. Najua atatokea wa kuruka aseme strontiamu ndiyo ile ya mabomu ya nyuklia. Ile ni aina nyingine, inayozaliwa ndani ya mlipuko wa nyuklia au kwenye kinu. Hii ya nyota inachimbwa ardhini kama chokaa na haina mionzi.

Asiyeniamini ajaribu mwenyewe. Chukua nyota iliyokaa kabatini siku kadhaa, imekufa kabisa. Imulike kwa ile taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli, hata nusu saa, haitashtuka, kwa sababu nuru nyekundu haina nguvu ya kuzipandisha elektroni. Sasa ipige na tochi ya simu muda mfupi tu, zima, itakutolea macho. Ikiwa imeshiba hivyo, itupie kwenye friza. Itafifia, maana baridi inazifungia elektroni vishimoni. Kesho yake itoe kwenye friza ukiwa gizani, iachie ipate joto la mkono, utaiona inaamka bila kumulikwa tena. Mionzi haifanyi hivyo. Mionzi haijali friza wala jua la saa saba.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi za mikono, nitamtaja kwa heshima mwenzangu mmoja: mshona viatu wa Bologna, Italia, aliyeitwa Vincenzo Casciarolo. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 alichukua mawe mazito ya mlima Paderno akayachoma kwa mkaa akitafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata. Alipata jiwe linalokula mwanga mchana na kuutoa usiku, na wasomi wa Ulaya wakaja kuliumizia kichwa kwa miaka mingi. Mshona viatu, Mhariri, siyo profesa.

Nije kwa samaki, kwani barua ile iliwagusa pia. Nyuma ya mtaa wetu kuna dada mmoja, mama lishe, mpishi hodari. Alinunua vibua Feri asubuhi, waliobaki akawafungia kwenye deli, na barafu ikawa inaisha. Usiku umeme ulipokatika akafunua deli kuwatazama, akaona matumbo ya samaki yanatoa nuru ya buluu iliyochanganyika na kijani. Ukelele wake uliutoa mtaa mzima nje. Mmoja akasema majini, wa pili akasema sumu za viwandani, wa tatu, aliyekuwa amesoma gazeti lako, akasema mionzi.

Nilikwenda na kile kioo changu cha kukuzia, ninachokibana jichoni. Nikapitisha kidole gumba kwenye tumbo la kibua mmoja, kidole kikang'aa. Nikakifuta kwenye kitambaa, kitambaa kikang'aa, na samaki akaacha alama nyeusi pale kidole kilipopita. Kwa hiyo kinachowaka si samaki, ni utando uliomkalia juu. Utando huo ni bakteria wa baharini. Wanatengeneza kemikali mwilini mwao na kuiunguza kwa oksijeni bila moto, na gharama ya kuitengeneza inatoka kwenye nyama ya samaki wanayoila. Mlipaji ni kibua mwenyewe, masikini. Robert Boyle wa Uingereza alilipima jambo hili katika miaka ya 1660, akaweka vitu vinavyooza kwenye chombo cha kioo, yaani mti uliooza unaong'aa na samaki anayeng'aa, akavuta hewa kwa pampu. Mwanga ukafifia. Aliporudisha hewa, ukarudi. Oksijeni yenyewe ilikuwa bado haijajulikana kwa jina.

Bakteria hawa wana tabia moja iliyonifurahisha nilipoisoma. Akiwa mmoja mmoja hawashi taa, maana angejichosha bure. Kila mmoja hutoa kemikali fulani kidogo kidogo, na kemikali hiyo ikishakolea pale walipo wanajua wamekuwa wengi, ndipo wanawasha wote kwa pamoja. Wanasayansi wa Marekani waliligundua hilo mwaka 1970. Sasa tafsiri yake jikoni ni hii: samaki akishang'aa, jeshi limeshajaa. Wapo wanaopenda chumvi na wanaostahimili ubaridi, hivyo barafu kidogo haiwatishi. Wale wa kung'aa wenyewe kwa kawaida si sumu, lakini kama wao wamepata muda wa kuzaana, wabaya wasioonekana nao wamepata muda huohuo. Nikamwambia dada yangu asiwauzie wateja wale vibua, akawamwaga.

Msomaji wako atasema, si ndiyo nilivyosema, watupwe? Hapana, ndugu yangu. Anayeamini ni mionzi atamlaani muuzaji wa Feri na kesho atarudia deli lilelile na barafu ileile haba. Anayejua ni bakteria atalisugua deli kwa sabuni na maji baridi ya bomba, ambayo bakteria wa chumvi hawayapendi, ataongeza barafu, na atanunua samaki wa kutosha siku moja. Dada amefanya hivyo, na pilau ya samaki pale inaendelea.

Wavuvi wa Kunduchi na Kigamboni wataona nazungumza habari za jana. Usiku wa giza, ukichota maji kwa kafi, yanatoka cheche za buluu. Hao si bakteria, ni viumbe vya seli moja vinavyoelea, na vyenyewe vinawaka vikisukwasukwa tu: mtikisiko unafanya tindikali iingie kwenye vijifuko vyenye kemikali ya mwanga, na cheche inatoka mara moja na kuzimika. Jua ndilo lililolipa, maana vingi kati yao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa mchana kama majani, na visivyofanya hivyo hula vilivyofanya. Mvuvi anajua faida na hasara yake. Kundi la dagaa likipita chini anaona njia yake ikiwaka, na nyavu zake nazo dagaa wanaziona.

Kuna na kubwa zaidi ya hiyo, na imetokea kwenye bahari yetu hii ya Hindi. Januari 1995 meli ya Uingereza iitwayo Lima, ikiwa nje ya pwani ya Somalia, iliingia katika bahari nyeupe kama maziwa, inang'aa kila upande hadi upeo wa macho, bila cheche, nuru iliyotulia. Miaka kumi baadaye watafiti walifukua picha za satelaiti za tarehe zile wakaliona doa lenyewe, limedumu usiku tatu mfululizo, lina ukubwa wa kilomita za mraba 15,400 hivi. Mkoa wa Kilimanjaro wote haufikii hapo, na Dar es Salaam ingeingia mara kumi na moja. Wanaodhaniwa kuifanya ni bakteria, ndugu wa wale wa vibua. Manahodha walikuwa wanaisimulia tangu enzi za matanga, wanaambiwa ni waongo.

Vimulimuli nitavipita haraka, kila aliyekulia Pugu au Kisarawe amevifukuza masika. Mfaransa Raphaël Dubois, katika miaka ya 1880, ndiye aliyeonyesha kwamba mwanga wa viumbe unahitaji vitu viwili, kimoja kinachounguzwa na kingine kinachochochea, akaviita lusiferini na lusiferasi. Mwaka 1947 Mmarekani William McElroy akaonyesha kwamba kimulimuli kinalipa kwa ATP, sarafu ileile ya nguvu inayotumika katika misuli yako na yangu. Kuwapata wadudu aliwalipa watoto wa Baltimore senti 25 kwa kila vimulimuli mia, na watoto wakamletea mafurushi. Leo lusiferasi hiyo inatumika kupima usafi: unafuta meza ya hospitali au mashine ya kiwanda cha chakula kwa kijiti cha pamba, na ikiwa kuna mabaki ya kitu chenye uhai, kijiti kinatoa mwanga ndani ya kifaa. Na joto? Hakuna la kuunguza hata ngozi ya mtoto.

Tutoe pia wale wasiolipa chochote kwa sababu hawatoi mwanga wao. Jicho la paka linarudisha taa yako. Rifleksa ya bodaboda na vile vijiwe vya katikati ya barabara, hivyo hivyo. Zima taa uone kama vitabaki. Noti halali chini ya ile taa ya zambarau ya dukani inawaka alama zake, shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga linawaka ukumbini, na hata nge ukimmulika kwa taa hiyo anawaka kijani, lakini ukizima, nao wanazimika papo hapo. Hao ni wapokeaji wa papo kwa papo, hawaweki akiba.

Sasa nifike mezani kwangu, nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie waligundua radiamu. Haikupita muda mrefu ikaonekana kwamba ukiichanganya radiamu kidogo na ile salfaidi ya zinki, rangi inang'aa usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, bila kumulikwa. Anayelipa hapa ni kiini cha atomu kinachopasuka na kurusha mionzi, na kila mrusho ukigonga salfaidi unatoa chembe ya nuru. Saa za wanajeshi, saa za mezani, vipimo vya ndege, vyote vikapakwa. Huko Orange, New Jersey, Marekani, kuanzia mwaka 1917, kazi hiyo waliifanya wasichana. Tarakimu za saa ni nyembamba, nyinyi mnaozitazama hamjui tabu ya kuzipaka; nywele za brashi zinatawanyika kila baada ya mistari michache. Wakafundishwa kuichonga ncha kwa midomo. Lamba, chovya, paka, lamba. Waliambiwa haina neno. Baadhi yao walijipaka kucha na meno kwenda dansi. Grace Fryer, mmoja wao, alisema akipenga kamasi leso ilikuwa inang'aa gizani.

Radiamu inafanana kitabia na kalisi, ile inayojenga mifupa, kwa hiyo mwili uliipokea ukaihifadhi mifupani. Meno yakaanza kung'oka, mataya yakaoza, wengine wakavunjika nyonga wakitembea. Kampuni ilikana kwa miaka. Grace na wenzake wanne walishitaki, na mwaka 1928 wakalipwa nje ya hukumu, dola 10,000 kila mmoja na 600 kila mwaka. Sabin von Sochocky, aliyeibuni rangi yenyewe, alikufa mwaka huohuo, damu imeharibika.

Hizo saa hazikubaki Marekani na Ulaya. Babu zetu waliorudi na vitu kutoka vita vya pili, wazungu waliofunga mizigo wakaacha makabati, mabaharia waliouza bandarini, vyote vimeishia majumbani mwetu Ilala, Upanga, Magomeni. Zinakuja kwangu. Na hapa ndipo msomaji yule amepotosha watu zaidi: saa ya radiamu ya mwaka 1940 au 1950 kwa kawaida haing'ai tena. Mionzi imeivunja salfaidi kwa kuigonga miaka yote hiyo, hivyo ile salfaidi iliyokuwa ikitoa nuru imekufa. Radiamu yenyewe ipo palepale. Inapungua nusu kwa miaka kama 1,600, kwa hiyo tangu vita viishe haijapungua hata robo ya robo. Mtu anaitazama gizani, haoni kitu, anasema salama. Nyota ya mtoto inayong'aa anaitupa.

Dalili zake ni hizi. Tarakimu na mishale imepakwa rangi nene iliyogeuka ya njano iliyoiva au kahawia kama tumbaku, ina nyufa, na unga wake umedondoka ndani ya kioo. Pengine uso wa saa umeungua kivuli pale mshale uliposimama miaka mingi. Ukiona chini ya tarakimu 6 herufi T pembeni ya maandishi ya Uswisi, hiyo ni ya baadaye, imepakwa tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi dhaifu, ambayo inapungua nusu kwa miaka 12 na miezi michache na mionzi yake haipenyi hata kioo. Saa nyingi za sasa zinatumia unga uleule wa nyota za mtoto.

Saa ya radiamu ikiwa imefungwa na kioo chake kizima, haikuui ukiigusa. Hatari ni unga wake kuingia tumboni au mapafuni. Ndiyo sababu nakereka na matapeli wanaozunguka mjini wakisema saa za mkoloni zina madini ya mamilioni, zebaki sijui ya rangi gani. Kijana mmoja aliniletea saa ya mezani ya babu yake akiwa ameshaikwangua nusu kwa kisu, unga ameufunga kwenye karatasi ya sigara, umo mfukoni mwa shati. Alikuwa anaupuliza aone kama unang'aa. Nilimwambia, mwanangu, weka chini, usipulize, nenda kaoge, shati hilo usilivae tena. Alidhani namdhulumu ili nikauze mimi.

Mafundi wenzangu nao wasinikasirikie. Wapo wanaosafisha uso wa saa kwa kuupuliza mdomo, wapo wanaokwangua rangi ya zamani ili wapake mpya, na chai iko mezani. Mimi zile za kahawia sizifungui kabisa. Nazitia kwenye mfuko wa kufunga, naandika nje, na mwenye saa namwelekeza Tume ya Nguvu za Atomiki, hao ndio wenye vipimo na wenye mamlaka ya vitu hivi nchini. Ningewaomba Tume, kupitia gazeti lako, watenge siku moja waje Kariakoo na kipimo chao, watupitie mafundi saa na wauza vitu vya zamani meza kwa meza. Hatuna pesa ya kukinunua kipimo hicho, lakini saa tunazo.

Jirani yangu nimeshamwambia akamnunulie mjukuu nyota nyingine. Na msomaji mwenzangu aliyeandika, kama nyumbani kwao ipo saa ya marehemu babu, ailete nitaitazama bila malipo, ila aje nayo imefungwa, na asiikwangue njiani.

Fundi saa,
Kariakoo, Dar es Salaam